Kanga iliyofungwa kwenye rambo

"Shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), nasubiri matokeo hapa Makambako. Tangu kidato cha pili natamani kuwa mtaalamu wa vinasaba, wale wanaopima DNA kwenye kesi za mauaji na ubakaji. Baba anasema hiyo ni kazi ya kushinda na maiti, tena ajira zake hazipo. Kaka yangu anasema siku hizi kila kitu kinafanywa na mashine. Naomba uniambie ukweli: kazi ikoje, nisome nini, na nitaajiriwa wapi?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na kaka yako, maana baba yako ana hoja nzito zaidi na nitamfikia.

Mashine zipo, na ni nzuri. Ila ngoja nikusimulie kanga moja. Miaka hiyo mifuko ya plastiki ilikuwa haijapigwa marufuku. Kililetwa kielelezo kutoka wilaya ya mbali: kanga ya binti aliyebakwa, imekunjwa vizuri, imetiwa kwenye rambo, rambo limepigwa fundo, juu yake karatasi yenye namba ya jalada, jina la askari na muhuri. Aliyeifunga aliamini ameihifadhi. Tatizo ni kwamba aliifunga ikiwa mbichi. Ilikaa wiki kadhaa kwenye kabati la vielelezo, ikasafiri kwenye buti la basi, ndipo ikafika mezani kwangu maabara. Nilipofungua fundo, harufu ilinitangulia. Kitambaa kilikuwa na ukungu wa kijani na mweusi, kwingine umeota manyoya, na jina la kanga nililisoma nusu tu.

Ukungu na bakteria hula vinasaba kama mchwa alavyo karatasi. Mashine anayoisifu kaka yako ilinipa mstari ulionyooka, bila alama hata moja ya mwanamume. Kanga ile ingeanikwa kivulini mpaka ikauke, ikatiwa kwenye bahasha ya kaki isiyofika bei ya chapati mbili, pengine ningekuwa na jibu. Mahakamani ilisemwa kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi, na ilikuwa kweli.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla mashine haijawashwa. Asubuhi unapokea bahasha. Unaangalia lakiri: ni nzima, au imebanduliwa ikabandikwa tena? Unalinganisha maandishi ya bahasha na barua ya polisi, neno kwa neno. Barua ikisema vielelezo 5 nawe ukahesabu 4, huendelei. Unapiga simu, unaandika umepiga saa ngapi na umeongea na nani. Kesi nyingi hufa hapo kwenye mnyororo wa utunzaji: nani alikishika kielelezo, akampa nani, lini, kikalala wapi. Ukifungua, unatandika karatasi safi mezani, unavaa glavu, barakoa na kofia, unapiga picha, unachora kitambaa kwenye daftari na kuonyesha doa liko upande gani. Ndipo unakata kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Kilichobaki unakirudisha na kukifunga upya, kwa sababu upande wa pili una haki ya kuomba kipimwe tena.

Baada ya hapo ni kemia. Unapasua seli, unasafisha vinasaba, unapima vipo kiasi gani. Seli moja ina pikogramu 6 hivi, na sisi hupenda kuanza na nusu nanogramu mpaka nanogramu 1 (nanogramu moja ni pikogramu 1,000), yaani seli kama 80 hadi 170. Kisha PCR, ile ile uliyoisikia wakati wa korona: kila mzunguko unarudufu kilichopo, na baada ya mizunguko karibu 30 unakuwa na nakala za kutosha kusomwa. Kwenye kesi za ubakaji kuna ufundi mmoja ninaoupenda mpaka leo. Swabu, yaani kijiti chenye pamba, huja na seli za mwanamke nyingi mno na mbegu za kiume chache. Unaweka kimiminika kinachopasua seli za mwanamke pekee, kwa sababu kichwa cha mbegu ya kiume ni kigumu na hustahimili. Unazitoa hizo za kwanza, kisha unaongeza kemikali ya pili inayokivunja kile kichwa. Chupa mbili, watu wawili. Wataalamu wa Uingereza waliionyesha njia hii mwaka 1985, na sina hakika kama kuna kitu kwenye maabara yetu kilichowasaidia wanawake kuliko hicho. Lakini inategemea binti afike kituo cha Mkono kwa Mkono au hospitali mapema, vizuri zaidi ndani ya saa 72, akiwa hajaoga wala kufua. Hapa nyumbani jambo la kwanza mama anamwambia mtoto ni "nenda kaoge". Siwalaumu. Ningekuwa mama yake pengine ningesema hivyo hivyo.

Sasa namba. Vinasaba ni maandishi ya herufi bilioni 3, nawe unazo nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Karibu kote binadamu tunafanana. Sisi tunasoma sehemu 20 hivi au zaidi kidogo ambako neno fupi, mara nyingi la herufi 4, linajirudia kama kiitikio cha taarabu. Tunahesabu tu limerudiwa mara ngapi. Chukua mama mwenye 12 na 15 kwenye sehemu moja, na mtoto mwenye 12 na 18. Ile 12 imetoka kwa mama, basi 18 ni ya baba. Mwanamume mwenye 14 na 16 ana mashaka; mwenye 16 na 18 anabaki kwenye orodha, tunakwenda sehemu inayofuata. Usikurupuke, maana namba huweza kubadilika kati ya mzazi na mtoto, kwa hiyo sehemu moja isiyolingana haitoshi kumtoa mtu. Na mwanamume akiniambia mwishoni kabisa kwamba "anayeshukiwa mwingine ni mdogo wangu wa tumbo moja", ananirudisha mwanzo, kwa sababu ndugu wana namba nyingi za pamoja.

Kila namba ina wingi wake katika jamii. Ukizidisha wingi wa sehemu zote, unapata kiwango kidogo mno cha uwezekano kwamba mtu mwingine asiye ndugu awe na wasifu huo huo, yaani mkusanyiko huo huo wa namba. Lakini wingi huo lazima upimwe kwa watu wa kwetu. Ukitumia majedwali ya Ulaya kumhesabia Mdigo au Mnyakyusa, hesabu inapinda. Hapo kuna utafiti wa shahada ya uzamili unakusubiri, kama unapenda takwimu. Kama huzipendi, jifunze kuzipenda, kwa sababu ndiko wataalamu wengi wazuri wanakwama.

Nikupe mfano mmoja, ndio unaowachanganya hata mawakili. Tuseme sampuli ilikuwa mbovu, nimepata sehemu chache tu, na hesabu inasema wasifu huu unapatikana kwa mtu 1 kati ya milioni 1. Mwendesha mashtaka anasimama: "Kwa hiyo kuna nafasi 1 tu kati ya milioni kwamba mshtakiwa hana hatia." Hapana. Sensa ya 2022 ilikuta Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5. Jijini humo pekee tungetarajia watu kama 5 wenye wasifu huo. Vinasaba vimenifikisha kwa hao watano. Nani kati yao alikuwa kwenye tukio, tuseme Manzese, usiku ule ni kazi ya mpelelezi.

Historia yake fupi inafaa uijue, maana watu huisimulia kwa upande mmoja. Alec Jeffreys aligundua alama za vinasaba Leicester, Uingereza, Septemba 1984. Kazi yake ya kwanza mwaka uliofuata haikuwa ya jinai hata kidogo: kijana wa Kighana alikuwa anazuiwa kuishi pamoja na mama yake Uingereza, vinasaba vikathibitisha ni mwanawe. Kisha ikaja kesi ya mauaji ya wasichana wawili karibu na Leicester. Polisi walikuwa na kijana aliyekiri moja kati ya hayo mawili. Vipimo vilionyesha muuaji ni mmoja, na siye yeye. Mtu wa kwanza ambaye teknolojia hii ilimgusa kwenye kesi ya mauaji ilimfungulia mlango akaenda nyumbani, ingawa alikuwa amekiri. Wanaume karibu 5,000 wa vijiji vile wakaombwa kutoa sampuli, na Colin Pitchfork, aliyemtuma mwenzake wa kazini akatoe damu kwa jina lake, alihukumiwa Januari 1988.

Kaka yako mwambie pia kuhusu Heilbronn, Ujerumani. Baada ya askari wa kike kuuawa pale mwaka 2007, polisi walikuta vinasaba vya mwanamke mmoja vikijitokeza kwenye matukio kama 40, Ujerumani, Austria na Ufaransa: mauaji, wizi wa magari, uvunjaji wa nyumba. Walimsaka kwa miaka. Machi 2009 ikabainika alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kilichofungasha swabu. Mashine zilisoma sawasawa kila mara. Swabu zilikuwa zimeuliwa vijidudu, lakini kuua vijidudu hakuondoi vinasaba, na hakuna aliyejiuliza hilo mapema. Na mwaka 2012 huko California mtu mmoja alishtakiwa kwa mauaji kwa sababu vinasaba vyake vilikutwa kwenye kucha za marehemu. Alikaa mahabusu miezi kadhaa kabla haijagundulika kwamba saa ya mauaji alikuwa kitandani hospitalini, amelewa hajitambui. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliomhudumia yeye ndio walioitwa baadaye nyumbani kwa marehemu.

Mimi mwenyewe nimewahi kujikamata. Nilikuwa na mafua, barakoa imeshuka chini ya pua, nikawa naongea na mwenzangu juu ya vichupa vilivyo wazi. Kila mara tunaendesha kichupa kitupu, chenye maji na kemikali tu, ambacho kinatakiwa kisitoe kitu. Kikatoa. Nikalinganisha na orodha ya wasifu wa wafanyakazi (nawe utatoa mate yako siku ya kwanza kazini): nilikuwa mimi. Kundi zima la sampuli tukalitupa na kurudia, na moja haikuwa na kipande kilichobaki cha kurudia. Niliandika yote kwenye jalada kwa mkono wangu. Miezi mingi baadaye, kizimbani, wakili wa utetezi akausoma ukurasa ule kwa sauti, akaniuliza kwa upole kabisa: "Shahidi, kwa hiyo mashine hii imewahi kukukamata wewe?" Watu wakacheka. Nikajibu, "Ndiyo, wakili msomi, mara moja." Nikanyamaza, kwa sababu swali lilikuwa limekwisha.

Hilo la kunyamaza hufundishwi chuoni. Utaandika taarifa zako ofisini, lakini ukiitwa mahakamani, utasimama mbele ya watu wasiojua PCR ni nini, uulizwe maswali ya dodoso saa mbili. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama hapa Tanzania, na nimeona wakemia wenye shahada tatu wakibabaika kueleza kwa Kiswahili kitu wanachokifanya kila siku. Anza sasa. Mweleze bibi yako ile hesabu ya 12 na 18. Akikuelewa bibi, jaji atakuelewa. Na ukiulizwa kama damu ile ilimwagika siku ya tukio, jibu ni "sijui", kwa sababu vinasaba havina tarehe.

Sasa baba. Mpe shikamoo yangu, umwambie yuko sahihi nusu. Miili ipo, ingawa mara nyingi inayokufikia ni jino, kipande cha mfupa wa paja au swabu. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, Kilifi, ulifukuliwa miili zaidi ya 400. Wataalamu wa Kenya walichukua sampuli za mabaki, na ndugu waliojitokeza wakatoa mate yao, kisha kazi ikawa kulinganisha, mmoja mmoja, miezi na miezi. Miili ya kwanza ilikabidhiwa Malindi mwishoni mwa Machi 2024. Kabla ya hapo kulikuwa na ndege ya Ethiopia iliyoanguka Machi 2019 na watu 157, Wakenya wakiwa wengi kuliko taifa lolote. Pale bila vinasaba familia zingezika udongo. Baba akisema "kushinda na maiti", mwambie wapo watu wanaosubiri simu kutoka kwa mtu kama wewe ili waanze matanga. Je, utazoea? Harufu utaizoea. Mimi hadi leo swabu za watoto wadogo sijazizoea, nazifanya asubuhi, kisha nakwenda kunywa chai nje.

Kuna jambo jingine la nyumbani ambalo baba hajalifikiria. Mtaa ukishajua unafanya nini, harusini na msibani utavutwa pembeni: "Dada, nina nywele za mtoto kwenye bahasha, nisaidie kimya kimya." Usithubutu. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na kipimo cha uhalali wa mtoto hupitia njia zake, kama vile mahakama, ofisi ya ustawi wa jamii au wakili, kwa ridhaa na utambulisho wa wahusika. Na mtu akikuletea ile takwimu inayozunguka, kwamba karibu nusu ya watoto waliopimwa si wa baba anayedhaniwa, muulize nani huenda kupima. Huenda wenye shaka. Asiye na shaka amekaa nyumbani anakula wali.

Kusoma. CBG inakutosha kwa njia nyingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya baiolojia ya molekuli na bioteknolojia. Sokoine, Morogoro, wana bioteknolojia na sayansi za maabara. Kemia tupu pia inakufikisha. Soma mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mstari kwa mstari, kwa sababu baadhi ya kozi za afya zitakudai fizikia ambayo huna. Ushauri wangu, na wenzangu wengine hawakubaliani nami: shahada ya kwanza usichukue yenye jina la "uchunguzi wa jinai" hata ukiipata. Chukua sayansi pana, jenga mikono yako ya maabara, uchunguzi wa jinai ukausomee ngazi ya uzamili. Ukisoma sayansi pana na nafasi za vinasaba zikakosekana, bado utaajirika. Kwa uzamili, Strathclyde ya Glasgow imefundisha fani hii tangu miaka ya 1960, na kwa mfuko wa kwetu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Sayansi za Uchunguzi wa Jinai cha Gujarat, India, kilifungua tawi Jinja, Uganda, mwaka 2023. Jinja unafika kwa basi.

Ajira, na hapa sitakupamba. Tanzania kazi hii iko hasa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, pamoja na maabara zake za kanda, na Jeshi la Polisi lina kamisheni yake ya uchunguzi wa kisayansi. Nafasi hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, kwa kawaida unaanza kama Mkemia Daraja la II, na wanaoomba ni wengi mara nyingi zaidi ya nafasi. Mshahara ni wa mtumishi wa umma: utakula, utajenga polepole. Kenya wanao Mkemia wa Serikali na maabara ya taifa ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, iliyozinduliwa Nairobi 2022. Ndiyo maana nasema jenga mikono. Anayejua kutoa vinasaba kwenye doa kavu la damu anaweza kuvitoa kwenye mbu wa taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara, kwenye ng'ombe, kwenye mbegu za mahindi, na akalipwa huku akisubiri tangazo.

Na usidharau wanyama. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington alipima vinasaba vya pembe za ndovu zilizokamatwa bandarini, akalinganisha na kinyesi cha tembo kilichokusanywa Afrika nzima, na mwaka 2015 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya pembe za tembo wa savana ilitoka eneo moja, hasa kusini-mashariki mwa Tanzania, Selous. Mwaka huo huo Shirika la Wanyamapori la Kenya likafungua maabara yake ya uchunguzi. Nyama iliyokaushwa ikikamatwa na mwenye nayo akadai ni ya mbuzi, kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha kusema ni swala. Kesi hizo ni nyingi na vijana wengi hawazifikirii.

Matokeo yakitoka, niandikie ulichopata kwenye Kemia kabla hujajaza fomu. Na ukipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo mahali popote, nenda na daftari lako mwenyewe, gumu, lenye kurasa zilizoshonwa na kupewa namba. La waya usinunue, kurasa zake huchomoka bila mtu kujua. Kalamu iwe ya wino. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili lililokosewa lisomeke, andika lililo sahihi juu yake, weka saini na tarehe. Wino mweupe wa kufutia usiingie nao maabara kabisa. Ukionekana kwenye ukurasa wako, wakili hatakuuliza ulikosea nini, atakuuliza ulificha nini.